MWALIMU WA KINGEREZA NA MICHEZO YA KUIGIZA: HIYO NAYO NI KAZI?



Kila muhula kuna wazazi wanaotufuata: "Mtoto wangu anapenda Kingereza na kuigiza. Atakula nini?" Wengine wanakuja wamekasirika, eti watoto walitumwa shuleni kusoma, si kuchezacheza. Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawajibu. Ndiyo, ni kazi, tena ina masomo yake.

Mchezo unasaidia nini darasani?

Watoto wetu wengi walioanzia shule Kongo walisoma kwa Kifaransa na Kiswahili. Hapa Uganda, kuanzia darasa la nne, karibu masomo yote ni kwa Kingereza. Mtoto anajua hesabu lakini hawezi kuisema. Basi ananyamaza, na watu wanamdhania mjinga.

Sisi tunafanya hivi. Meza moja inakuwa kituo cha afya. Mtoto mmoja ni nesi anayeongea Kingereza tu, wa pili ni mama mgonjwa anayejua Kiswahili tu, wa tatu ni mtoto anayewatafsiria. Nesi anasema kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Mtafsiri anasema vidonge viwili kwa mara moja. Hapo mwanafunzi yeyote aliyesikia kosa anapiga kelele: "Simama!" Anaingia mahali pa mtafsiri na mchezo unaanza upya. Sentensi moja inarudiwa mara kumi na hakuna anayechoka. Nanyi wazazi mnajua kwamba jambo hilo si mchezo, maana kesho ni mtoto huyohuyo mtakayemshika mkono kwenda naye hospitali.

Namna hii ilianzishwa na Augusto Boal wa Brazil. Naye alikuwa mkimbizi. Mwaka 1971 serikali ya kijeshi ya kwao ilimkamata na kumtesa, akaenda kuishi Argentina. Mwaka 1973 alifanya kazi Peru, katika kampeni ya kufundisha watu kusoma na kuandika, na huko ndiko alikowaingiza watazamaji ndani ya mchezo.

Sasa kama tunafundisha, masomo ya nini tena?

Kupenda watoto hakutoshi. Tunasikia kosa la Kingereza, ila kueleza kwa nini ni kosa kunatushinda mara nyingi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mchezo unaweza kugusa kidonda. Ukimpa mtoto bunduki ya mti aigize askari, hujui alichokiona njiani. Mwalimu aliyefundishwa hamwambii mtoto aigize msiba wake mwenyewe. Anachagua hadithi ya mbali kidogo, anajua wakati wa kusimamisha mchezo na namna ya kutuliza darasa. Ndiyo maana tunataka kusoma.

Njia yenyewe

Uganda, mwalimu wa sekondari kwa kawaida anasomea masomo mawili. Anayependa kuigiza anaweza kuchukua Kingereza pamoja na Fasihi ya Kingereza, maana tamthilia zimo ndani ya fasihi. Tena mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeweka sanaa za maonyesho kama somo la kuchagua. Kwa hiyo walimu wake watahitajika.

Kwanza umalize kidato cha sita na kufaulu vizuri masomo mawili makuu. Halafu chuo kikuu, kwa mfano Makerere au Kyambogo, miaka mitatu au zaidi. Humo unasoma lugha, fasihi, saikolojia ya mtoto na namna ya kufundisha, kisha unapelekwa kwenye shule kufanya mazoezi. Mkaguzi anakaa nyuma ya darasa na kuangalia karatasi yako ya matayarisho, ile tuliyozoea kuita fishi. Zamani diploma ilitosha kufundisha sekondari. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka digrii.

Mwenye diploma ya serikali ya Kongo asikate tamaa. Baraza la mitihani la Uganda, UNEB, linalinganisha vyeti vya sekondari vya nje. Kuhusu pesa, kuna mpango wa DAFI wa HCR, ulioanza 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na umri unaangaliwa. Usingoje miaka ipite.

Wazazi, tunawaomba mambo matatu. Vyeti vya watoto vifungeni katika plastiki, mbali na mvua na panya. Binti naye aachiwe muda wa kusoma, sio kila jioni maji na kuni. Na tukiwaalika kuangalia mchezo wa watoto, njooni. Mtoto anayeogopa kuongea Kingereza mbele ya mwalimu ataongea mbele ya mama yake.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.