Je, Wajua? Vuka, Kitenzi cha Likoni

Je, wajua kwamba mkazi wa Likoni akikwambia "sijavuka bado", hana haja ya kuongeza neno? Hataji feri, hataji maji. Umeshaelewa kuwa yuko ng'ambo, pengine kwenye foleni, na miadi yenu imechelewa.

Je, wajua kwamba Mombasa mjini ni kisiwa, na watu wa bara wanakiingia kwa njia tatu kuu? Changamwe wana Makupa, Kisauni wana Daraja la Nyali, Likoni wana feri. Wote wanaingia mjini, lakini kwa sikio langu anayevuka hasa ni wa Likoni. Wa Kisauni ana daraja tangu 1931, kwanza lile la kuelea, kisha hili la 1980, naye husema tu "naenda mjini".

Je, wajua kwamba feri ya Likoni ilianza 1937, na hadi leo anayevuka kwa miguu halipi? Wanaolipa ni wenye magari.

Je, wajua tofauti ya vuka, vukia na vusha? Unavuka mwenyewe. Unavukia mahali: "Leo tumevukia Mtongwe." Unamvusha mwingine: mzee barabarani, mbuzi wa Idi, mkokoteni wenye mzigo. Halafu neno linatoka majini na kuingia maishani. Jirani aliyekukopesha karo muhula ulipokubana, unamwambia, "Ndugu yangu, umenivusha." Mgonjwa aliyepata nafuu, amevuka hatari. Sijui kitenzi kingine kinachobeba shukrani nzito namna hii kwa silabi chache.

Na kuna siku watu hawakuvuka. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa. Huku kwetu "uvuke salama" ni dua.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam kivuko ni chombo chenyewe, ambacho mitaani huitwa pantoni? Mombasa chombo ni feri, na kivuko ni pale unapovukia. Jina la Kivukoni, kando ya bandari ya Dar, limezaliwa na kitenzi hiki hiki.

Je, wajua kwamba anayetoka mjini kwenda Tanga kwa njia ya Likoni huvuka mara mbili? Kwanza maji, kisha mpaka wa Lunga Lunga. Lakini ukiambiwa nyumbani "umevuka mipaka", omba radhi.

Je, wajua kuna vuka nyingine, isiyo na undugu na hii? Hiyo imetoka kwa vua. Nguo ikikuponyoka mbele za watu, umevukwa na nguo.

Je, wajua kwamba ukimwambia Mzulu wa Durban "Vuka!", atakuelewa kuwa unamwambia aamke?

Je, wajua kwamba Wahispania husema cruzar, na neno hilo limetokana na cruz, yaani msalaba? Kwa hiyo kwao, chochote kinachopitana kama msalaba huingia humo. Mto wanaucruzar, na miguu pia. Mwanafunzi wa Kihispania kutoka Kisauni asitafsiri kila mahali kwa vuka. Mikono tunaikunja. Miguu, tunakunja nne. Na watu wawili wakikutana kwenye mteremko wa feri, mmoja akishuka na mwenziwe akipanda, hao hawavukani, wanapishana. Vuka ya Kiswahili haina msalaba ndani yake. Ina huku na ng'ambo, na kitu katikati cha kukishinda.

Siku hizi vijana wetu husema "tukrosi", neno la Kiingereza lililotokana na msalaba vilevile. Msomaji, utakapomshika mtoto mkono ukingoni mwa barabara pale Changamwe, mwambie "tuvuke".