Vitabu Viwili vya Kanisa

Katika sanduku la chuma lililo chini ya meza yangu mna vitabu viwili. Cha kwanza ni cha ubatizo, na cha pili ni cha mazishi. Nilipokabidhiwa kanisa hili dogo lililo pembeni mwa mji wa Isiolo, yapata miaka 30 iliyopita, mchungaji aliyenitangulia alinipa ufunguo wa sanduku hilo kabla ya kunipa ufunguo wa mlango wa kanisa. Wakati ule sikuelewa kwa nini alifanya hivyo. Sasa nywele zangu zimekuwa nyeupe, na nadhani nimeelewa.

Watu huniuliza mara kwa mara, “Mchungaji, je, kanisa lako linakua?” Mwenye kuuliza hutaka nimtajie idadi ya waliobatizwa, viti vilivyonunuliwa na mabati yaliyopigiliwa. Hayo ni mambo mema, wala sijayadharau. Lakini sijapata kuulizwa hata mara moja, “Mchungaji, mwaka huu mmepoteza nani?” Nami nimeona kwamba kanisa lisiloweza kujibu swali hilo la pili, jibu lake kwa swali la kwanza ni nusu ya kweli.

MJI WA WATU WENGI

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mji wetu, yafaa nieleze kidogo. Isiolo uko kaskazini ya Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya Meru hukoma na nchi kavu ya wafugaji huanza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kisomali waliokuwa wametumika katika jeshi la Waingereza walikaa hapa pamoja na jamaa zao. Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru nao wana makao yao na habari zao za kale katika nchi hii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti nzima ina watu 268,002, waliotapakaa katika nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 25,000. Wengi wao ni Waislamu, na sauti ya mwadhini huamsha Mkristo na Mwislamu kwa pamoja.

Kwa muda mrefu barabara ya lami ilikoma hapa mjini. Aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale alipanda lori, akaketi juu ya mizigo, akamwomba Mungu amvushe salama. Hivyo Isiolo ulikuwa mji wa kungoja, na watu wanaongoja pamoja hujuana.

Lakini nchi hii imeonja uchungu pia. Katika mwezi wa Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi akiwa safarini, yeye pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Kisha vikaja vita vya shifta, vilivyoendelea hadi 1967. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo iliyozuiwa kwenda malishoni ikafa kwa wingi. Mfugaji asiye na mnyama ni kama mkulima aliyenyang'anywa shamba. Wazee wa hapa wangali wakihesabu miaka kwa msiba ule.

Nayataja hayo ili msomaji ajue kwamba makanisa yetu yalikuta watu wenye vidonda. Wengi wa waliokuja mlangoni kwanza walikuja kutafuta unga, dawa, au nafasi ya mtoto katika shule. Wako wanaowacheka Wakristo wa namna hiyo. Mimi siwacheki, maana hata makutano waliomfuata Bwana wetu ng'ambo ya bahari walikula mikate kwanza.

JINSI KANISA LILIVYOKUA

Pamoja na taabu hizo, kanisa lilikua. Mnamo 1975 Waanglikana walianzisha Dayosisi ya Mount Kenya East chini ya Askofu David Gitari, ambaye baadaye akawa Askofu Mkuu wa Kenya. Dayosisi hiyo ilianza katika mashamba ya kahawa chini ya mlima na kufika hata mpaka wa Ethiopia. Wainjilisti walitumwa kwa wafugaji, wakajifunza kuhama pamoja nao, kwa sababu jengo la mawe halina faida kwa watu ambao mwezi ujao watakuwa mahali pengine.

Kwa upande wa Wakatoliki, nchi ya Isiolo ilikuwa chini ya Dayosisi ya Meru hadi Desemba 1995, ilipotengwa na kufanywa Vikarieti, na Padre Luigi Locati, Mwitalia, akawekwa kuwa kiongozi wake wa kwanza. Mnamo Februari 2023 Vikarieti hiyo ikapandishwa kuwa Dayosisi kamili. Mimi si wa dhehebu hilo, lakini siku habari hiyo ilipofika nilifurahi kama jirani afurahivyo mwenziwe anapoezeka nyumba yake.

Kitabu changu cha ubatizo nacho kilijaa, nikanunua kingine, hata hicho kikajaa. Laiti ningekuwa na kitabu hicho kimoja tu, makala hii ingeishia hapa.

MWAKA WA MISIBA

Ilikuwa tarehe 12 Julai 2005. Alfajiri ya siku hiyo watu wenye silaha walikishambulia kijiji cha Turbi, katika wilaya ya Marsabit, wakaua watu wengi, na miongoni mwao watoto wa shule. Tulikuwa tungali tukiuliza habari za Turbi wakati, jioni ya tarehe 14, Askofu Locati alipopigwa risasi akirudi nyumbani kwake hapa Isiolo. Alikuwa na umri wa miaka 76. Shauri lake lilipelekwa mahakamani, nami sina la kuongeza, kwa kuwa kazi ya hukumu ni ya mahakimu.

Asubuhi ya pili yake jirani yangu, mzee Mwislamu, alibisha hodi. Nilimkaribisha, akaketi, akanyamaza kitambo kirefu kama ilivyo desturi ya wazee wa hapa. Kisha akasema, “Pole, Mchungaji.” Nikamwambia kwamba marehemu hakuwa wa dhehebu langu. Akanitazama kwa mshangao, akajibu, “Baba, alikuwa wa mji wetu.” Niliona haya, kwa sababu yeye alikuwa ameijua hasara ile kabla yangu.

Haikutimia miezi 9, tukapata msiba mwingine. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyowachukua viongozi waliokuwa wakienda kuwapatanisha watu wa Marsabit ilianguka karibu na mji huo. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge kadhaa, na pamoja nao Askofu William Waqo, Askofu Msaidizi wa Dayosisi ya Kirinyaga ya Kianglikana. Yeye alikufa katika safari ya amani. Basi kwa muda usiotimia mwaka, kaskazini yetu ilipoteza maaskofu wawili wa madhehebu mawili.

Siku zile baadhi ya wazee wa kanisa walitaka tujenge ukuta mrefu na kufunga lango saa kumi na moja jioni. Tulishauriana kwa siku nyingi. Ukuta tuliujenga, maana busara si dhambi, lakini lango tuliliacha wazi mpaka saa ya kulala. Sikufanya hivyo kwa ushujaa; usiku mwingi niliogopa. Ila niliona kwamba watu wenye shida kubwa huja gizani, na kanisa linalofungwa kabla ya jua kutua huwahudumia wasio na shida tu.

HASARA ISIYO NA KELELE

Hata hivyo, misiba mikubwa ina watu wengi wa kuililia. Hasara ninayoiogopa zaidi ni ile isiyo na kelele.

Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, nyumba za ibada zilifungwa nchini mwetu. Zilipofunguliwa tena mwezi wa Julai, watu hawakuruhusiwa kuzidi 100, ibada haikuruhusiwa kuzidi saa moja, na waliopita umri wa miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Amri hiyo ilikuwa ya kuwalinda, nasi tuliitii. Lakini ilipoondolewa, baadhi ya wazee wangu hawakurudi. Walikuwa wamezoea kukaa peke yao, nasi tulikuwa tumezoea viti vyao vitupu.

Vijana nao huondoka. Tangu lami ilipofika hadi Moyale, safari iliyochukua siku nyingi sasa huchukua saa chache, na kijana mwenye cheti chake huenda Nairobi bila hata kuaga. Sina haki ya kumlaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndimi niliyemhimiza asome.

JINA NILILOLIFUTA

Sasa nitaungama kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha. Mizoga ya mifugo ilionekana kando ya njia. Alikuwako mama mmoja Mturkana, mjane, mshiriki wetu wa miaka mingi, aliyekuwa na mbuzi wachache na watoto wanne. Jumapili moja hakuja, na nyingine hakuja, hata miezi ikapita. Mwisho wa mwaka tulipokaa na wazee kusahihisha orodha ya washiriki, mmoja wao akasema, “Asiyekuwapo na lake halipo.” Wote wakakubali. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari juu ya jina la mama yule na majina ya watoto wake. Kazi ile haikuchukua hata dakika moja. Hapana aliyetumwa kumtafuta, wala mimi sikwenda.

Mvua iliponyesha, siku ya Jumatano alasiri, nilimwona amesimama langoni. Alikuwa amekonda sana, na watoto waliokuwa pamoja naye walikuwa watatu. Alikuwa amewafuata wenziwe kuelekea Mto Ewaso Nyiro kutafuta majani, kisha mbali zaidi. Mtoto wake wa mwisho aliugua njiani akafa. Wanawake wawili walimsaidia kuchimba kaburi chini ya mgunga, na kwa kuwa hapakuwa na mchungaji wala mwinjilisti, yeye mwenyewe aliomba maombi aliyoyakumbuka.

Hakuomba unga. Alisema, “Baba Mchungaji, nimekuja ili uandike jina la mtoto katika kile kitabu.”

Nililitoa sanduku. Mikono yangu ilikuwa mizito. Nilijua kwamba katika orodha ya washiriki mtoto yule alikuwa amekwisha kufa kwa kalamu yangu, huenda kabla hajafa kwa ugonjwa. Nikamweleza mama ukweli huo, kwa maana sikuweza kuandika mbele yake hali nikimficha. Alinyamaza. Kisha akasema, “Sasa andika vizuri.” Nikaandika jina, na jina la baba yake, na mahali pa kaburi kama alivyonielekeza. Akanitaka nimsomee, nikamsomea mara mbili, akaenda zake.

Sijui kama alinisamehe. Jumapili iliyofuata alikuja, akaketi mahali pake pa zamani.

TUFANYEJE?

Ndugu zangu wachungaji, nanyi wazee wa makanisa, sikuandika haya ili nisifiwe kwa kuungama. Nimeandika kwa sababu naamini kosa langu si langu peke yangu. Yako mambo matatu tuliyoyaanza katika kanisa letu, nayo yanawezekana hata katika kanisa maskini.

La kwanza, hatufuti jina mpaka watu wawili wamekwenda kumtafuta mwenye jina hilo, wakarudi na habari. Nauli ya matatu au ya pikipiki hutoka katika sadaka. Wako waliosema kwamba ni gharama. Kweli ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ya mabati.

La pili, tumewafundisha baadhi ya wafugaji wenyewe, wanaume kwa wanawake, kusoma maandiko, kuongoza maombi na kuzika. Wanapohama, kanisa huhama pamoja nao.

La tatu, Jumapili ya mwisho ya kila mwaka tunavileta vitabu vyote viwili mbele ya watu. Kwanza tunasoma majina ya waliobatizwa, na watu hushangilia. Kisha tunasoma majina ya waliozikwa, na watu husimama kimya. Jirani yangu mzee naye huja wakati mwingine, akakaa nje kivulini akisikiliza, kwa sababu baadhi ya majina hayo aliyajua kabla yangu.

Mwaka wa kwanza tulipofanya hivyo, nilipofika kwenye jina la mtoto yule, mama yake aliinuka kabla sijamaliza kulitamka. Hakulia. Alisimama tu mpaka nilipolisoma lote, kisha akaketi, nami nikafungua ukurasa uliofuata.