Kapona Mwili, Je, Ubongo?

Pale Kariakoo yupo kijana msukuma mkokoteni ninayemfahamu. Aligongwa na bodaboda, akalala siku kadhaa bila fahamu, kidonda kikapona, akarudi kazini. Leo akiagizwa mzigo Mtaa wa Kongo, anaufikisha Mtaa wa Swahili. Akikosolewa anawaka kama moto wa nyasi. "Mkono mzima, mguu mzima, huo ni uvivu tu," kaka yake aliniambia. Wengine wanasema karogwa.

Si uvivu, wala si uchawi. Kichwa kinapopiga lami, ubongo nao hujigonga ndani ya fuvu, na nyuzi zake laini huvutika, nyingine hukatika. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayopanga mambo na kuzuia hasira, huumia mara nyingi. Kovu la ngozi tunaliona. La ubongo hatulioni.

Tunayo Taasisi ya MOI pale Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, inayotibu mifupa na ubongo. Lakini mgonjwa akishatoka wodini, nani anamfundisha kuishi upya? Kazi hiyo ndiyo inaitwa utengamao.

Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza, akiwemo Barbara Wilson, walitoa matokeo ya majaribio yao. Watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na ya kupanga mambo walipewa kwa zamu peja za kuwakumbusha shughuli za siku, kama kumeza dawa. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza majaribio walitimiza shughuli zao vizuri zaidi. Ubongo haukurudi ulivyokuwa. Walipewa gongo la kumbukumbu, kama aliyevunjika mguu anavyopewa la kutembelea.

Peja zimepitwa na wakati, lakini hata simu ndogo ya tochi ina kengele. Nilimshauri kaka mtu: daftari mfukoni, agizo moja kwa wakati mmoja, alirudie kwa mdomo kabla ya kuondoka, na mchana apumzike, kwani ubongo ulioumia huchoka upesi.

Juzi nilimkuta kijana na daftari lake. Mizigo miwili ilifika, wa tatu ukapotea njia. Safari hii kaka hakufoka. Walilifungua daftari wakatazama pamoja.

Ndugu zangu, kabla hujamwita mtu mvivu, muulize kwanza kama amewahi kuumia kichwa.