Duka jipya, mzigo kwa mkopo: Pima kwanza nguvu ya kampuni inayovuka mpaka

Oktoba 2015, supamaketi za Uchumi zilifungwa Kampala na Dar es Salaam. Kampuni hiyo ya Kenya, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ilieleza kuwa matawi yake ya Uganda na Tanzania hayakuwa yameleta faida kwa miaka mitano. Walioumia ni wafanyakazi, pamoja na wasambazaji waliokuwa wametoa mzigo kwa mali kauli.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Nakumatt. Ilikuwa imefika Rwanda, Uganda na Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini. Upanuzi huo uliegemea mikopo ya benki na bidhaa za wasambazaji ambazo hazijalipiwa. Wadai walipoacha kuleta mzigo, rafu zikabaki tupu. Januari 2020 wakapiga kura kampuni ifilisiwe.

Kampuni hizo mbili hazikukosa jina wala wateja. Zilichokosa ni akiba ya kuzibeba katika miaka ya hasara, ambayo duka jipya ugenini haliwezi kuikwepa: kodi ya jengo na mishahara hulipwa kabla wateja hawajalizoea.

Benki zimepita njia nyingine. Equity ya Kenya haikuingia Kongo na kuanza kutafuta mteja wa kwanza. Mwaka 2015 ilinunua ProCredit, na 2020 ikachukua hisa nyingi za BCDC, benki iliyokuwepo tangu 1909. Kwa ununuzi huo ilipata leseni, matawi, wateja na watumishi wanaolijua soko. CRDB ya Tanzania ilianza na Burundi mwaka 2012, ikakaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kufungua Lubumbashi mwaka 2023, tena pamoja na wawekezaji kutoka Norway na Denmark. Hasara ikitokea, haibebi peke yake.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Rusumo, tofauti hiyo inagusa mfuko. Kampuni ngeni ikiomba mzigo wa kulipwa baada ya siku 60 au 90, mtaji inaoutumia kujitanua ni wa msambazaji. Inafaa kuuliza wasambazaji wa nchi ilikotoka kama wanalipwa kwa wakati, kuanza na mzigo mdogo, na kutoongeza mwingine kabla wa kwanza haujalipwa.

Kipimo hicho kinamhusu pia anayevuka mwenyewe. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha kupitisha bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa cheti cha uasili kinachotolewa mpakani. Anaweza kulijaribu soko kwa safari chache kabla ya kukodi duka, na kulikodi akiwa na akiba ya miezi ambayo halitamlipa.