Weka Linux kando ya Windows ucheze gemu, lakini linda diski kwanza

WAPENZI wa michezo ya tarakilishi ambao mashine zao zimekataliwa na Windows 11 wana njia ya kuendelea kucheza bila kununua mashine mpya. Njia yenyewe ni kuweka mfumo wa Linux ndani ya tarakilishi iyo hiyo, kando ya Windows, ili mwenyewe achague mfumo anaoutaka kila anapoiwasha.

Haja hiyo iliongezeka Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine nyingi za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au baada yake. Hapa nchini, ambako vipakatalishi vingi vya bei nafuu huwa vimetumika ng'ambo kabla ya kuletwa madukani, sharti hilo limeacha nje mashine ambazo bado zina nguvu za kutosha.

Miaka kumi iliyopita, kumshauri mcheza gemu ahamie Linux kungechukuliwa kuwa mzaha. Mfumo huo, ulioanzishwa na Linus Torvalds mnamo 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, ulisifiwa kwa kuendesha seva, si kwa burudani. Gemu nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Mambo yalibadilika 2018 wakati kampuni ya Valve, inayomiliki duka la gemu la Steam, ilipotoa programu ya Proton. Programu hii hukaa kati ya gemu na Linux mithili ya mkalimani: gemu huomba huduma kwa lugha ya Windows, nayo Proton huifikisha kwa namna ambayo Linux inaielewa. Msingi wake ni Wine, mradi uliokuwapo tangu 1993. Valve haikufanya hivyo kwa hisani. Kifaa chake cha kuchezea cha Steam Deck, kilichoingia sokoni Februari 2022, hutumia Linux, na bila gemu hakingepata wanunuzi.

Hata hivyo, anayeanza asikimbilie kuifuta Windows. Gemu za mtu mmoja nyingi huchezeka vyema kupitia Proton, lakini zile za kushindana mtandaoni ni suala jingine. Baadhi huja na programu za kuzuia udanganyifu ambazo hupenya hadi kiini cha Windows, na zikijikuta ndani ya Linux hukataa kufunguka. Valorant na Fortnite zimo katika orodha hiyo. Hali kadhalika EA Sports FC, gemu ya kandanda iliyochukua nafasi ya FIFA, ambayo vijana wengi huinunulia tarakilishi hasa. Apex Legends ilikuwa ikichezeka katika Linux hadi mwaka wa 2024, kisha wenyewe wakaufunga mlango. Kwa upande mwingine, Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya Linux moja kwa moja. Kabla ya kufanya lolote, tafuta gemu zako katika tovuti ya ProtonDB, ambapo wachezaji hueleza ipi inafanya kazi na ipi inasumbua. Ikiwa gemu unayoipenda kuliko zote imefungiwa, basi Windows ndiyo makao yake, na Linux itakuwa ya gemu nyinginezo.

Jambo la pili la kukubali mapema ni kwamba Linux haigeuzi kadi dhaifu ya michoro kuwa yenye nguvu. Proton hutegemea teknolojia ya Vulkan, na chipu za Intel za kizazi cha nne kurudi nyuma huwa na taabu nayo.

Kazi yenyewe ya kuweka Linux huchukua muda mfupi. Hatari iko katika maandalizi, na hapo ndipo mtu anapaswa kutulia. Tarakilishi ya nyumbani mara nyingi huwa na picha za familia, hesabu za biashara ya mzazi au tasnifu ya ndugu aliye chuoni. Nakili faili hizo zote katika diski ya nje, kisha uichomoe na kuiweka mbali. Nakala iliyo katika diski ile ile unayotaka kuigawa si akiba.

Baada ya hapo, chunguza kama diski imefungwa kwa BitLocker, mpango wa Windows wa kuficha data kwa msimbo. Vipakatalishi vingi vya karibuni huwashwa mpango huo bila mwenyewe kufahamu. Ukibadilisha taratibu za kuwaka kwa mashine, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao hazioni faili zake tena. Ufunguo huo aghalabu huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uandike karatasini kabla ya kuendelea. Aidha, zima kipengele cha Fast Startup katika mipangilio ya umeme. Kikiachwa, Windows huwa haizimiki kabisa bali husinzia, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo huzuiwa kuandika chochote ndani yake.

Sasa unaweza kutenga nafasi. Tumia programu ya Disk Management iliyomo ndani ya Windows kupunguza sehemu kuu ya diski na kuacha nafasi tupu. Linux Mint, ambayo tunaipendekeza kwa anayeanza kwa sababu sura yake haimtishi aliyezoea Windows, hukubali gigabaiti 20, lakini kwa gemu hizo ni chache mno. Counter-Strike 2 pekee hudai 85. Tenga 150 ukiweza. Kipakatalishi kiwe na chaji ya kutosha wakati wa shughuli hii, na tarakilishi ya mezani iunganishwe na UPS, kwani stima ikipotea katikati ya kugawa diski, hasara yaweza kuwa kubwa.

Pakua Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi, kisha uiandike katika flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote. Zima mashine, iwashe ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea aliyeitengeneza, na uchague flashi. Linux itafunguka bila kugusa diski yako. Itumie kwanza kwa muda: je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kisichofanya kazi hapa huenda kikasumbua baadaye pia, na ni heri kujua sasa.

Ukiridhika, anzisha usakinishaji. Utafika mahali unapoulizwa uamuzi mmoja wenye uzito: kuweka Linux kando ya Windows, au kufuta diski yote. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza. Chaguo la kwanza likikosekana, acha shughuli na urudi kuchunguza BitLocker na ile nafasi uliyotenga, usijaribu kubahatisha.

Mashine ikiwaka upya, orodha itakuuliza uingie wapi. Wenye kadi za NVIDIA wafungue kidhibiti cha draiva na kuchagua ile inayopendekezwa. Kama Secure Boot imewashwa, utaombwa kubuni nywila, kisha mashine ikiwaka tena skrini ya buluu itataka uiingize. Wengi huipita skrini hiyo, halafu wakashangaa gemu zikitambaa. Usiizime Secure Boot ili kukwepa usumbufu, maana Valorant huidai katika Windows 11. Kisha weka Steam. Gemu zipakuliwe katika sehemu ya Linux. Kuziendesha kutoka sehemu ya Windows huleta hitilafu za kila aina.

Usishtuke ukirudi Windows na kukuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Linux huhifadhi saa ya kimataifa katika mashine, Windows huisoma kana kwamba ni ya Nairobi. Katika Linux, amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huondoa tofauti hiyo.

Na ikitokea umechoshwa na Linux, usianze kwa kufuta sehemu yake. Ingia kwanza katika mipangilio ya mashine inapowaka, uiweke Windows mbele katika mpangilio wa kuwaka, uhakikishe inafunguka yenyewe, ndipo urejee Disk Management na kuirudishia nafasi yake.