Kadi ya kitengo si cheti cha ubingwa

Soko la huduma za sheria halifanani na soko la mahindi. Mnunuzi wa mahindi hufungua gunia, akachota kiganja na kutazama punje kabla ya kutoa fedha. Mwenye kesi hana cha kuchota. Husikiliza sifa za watu na kusoma wasifu wa wakili, ambamo mara nyingi huandikwa kuwa bwana huyu au bibi huyu ni mwanachama wa kitengo cha kodi, cha bima au cha biashara. Wiki hii tunaeleza maneno hayo yana thamani gani, kwa kutazama Marekani, ambako utaratibu huu una zaidi ya miaka 100.

Vitengo vilivyoanza

Chama cha Mawakili cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama ABA, kilianzishwa mwaka 1878 huko Saratoga Springs, jimbo la New York, na mawakili 75. Kujiunga ni hiari. Leseni ya uwakili hutolewa na jimbo, na wakili anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila kuwa mwanachama wa ABA. Hali hiyo ni tofauti na Tanzania Bara, ambako wakili ni mwanachama wa Tanganyika Law Society kwa mujibu wa sheria.

Kitengo cha kwanza cha ABA, kinachoshughulikia elimu ya sheria, kiliundwa mwaka 1893. Mwaka uliofuata kikaja cha haki za wavumbuzi. Leo vipo vya kodi, sheria za biashara, ardhi na mirathi, kazi na ajira, mazingira, ushindani wa kibiashara na vingine vingi.

Taratibu za kujiunga si ngumu. Wakili huwa kwanza mwanachama wa chama kikuu, kisha huchagua kitengo, na kwa kawaida hulipa ada ya ziada kwa kila kitengo. Hapana mtihani wala usaili.

Ada hununua nini?

Faida ya kwanza ni habari. Kitengo hutoa jarida, huendesha semina na kuwaarifu wanachama sheria inapobadilika. Ya pili ni kufahamiana. Wakili wa ardhi akipata mteja mwenye tatizo la kodi humwelekeza kwa mwenzake wa kodi, na siku nyingine huletewa mteja wa ardhi. Ya tatu ni nafasi ya kushiriki katika kuandika sheria. Kamati ya kitengo cha sheria za biashara ndiyo iliyotoa, mwaka 1950, sheria ya mfano ya makampuni, ambayo imekuwa msingi wa sheria za makampuni katika zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani.

Uzito wa habari hizo unaonekana kwenye kodi. Serikali kuu ya Marekani ikimpelekea mlipa kodi barua rasmi ya kumdai zaidi, ana siku 90 za kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi. Barua ikielekezwa kwa mtu aliye nje ya nchi hiyo, kwa mfano mfanyabiashara wa Mombasa mwenye mapato Marekani, muda ni siku 150. Akiwahi, hubishana kabla ya kulipa. Akichelewa, kwa kawaida hulazimika kulipa kwanza na kudai kurejeshewa baadaye. Kwa mwenye duka dogo, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo mtaji wote. Wakili hodari wa kesi za ardhi asiyezoea kodi anaweza kutumia siku hizo kuandikiana barua na maofisa, akidhani mazungumzo yanasimamisha saa. Hayasimamishi.

Kadi na cheti

Hata hivyo, aliyelipa ada jana ni mwanachama sawa na aliyefanya kazi hiyo miaka 30. Kadi inaonyesha kuwa wakili anavutiwa na fani hiyo, lakini haithibitishi kuwa anaijua.

Ubingwa una njia yake nyingine. Katika jimbo la Texas ipo bodi maalumu tangu mwaka 1974. Anayetaka kutambuliwa nayo sharti awe na uzoefu wa miaka kadhaa katika fani husika, adhaminiwe na mawakili na mahakimu wanaoifahamu kazi yake, na ashinde mtihani. Baada ya hapo huhakikiwa upya kila miaka 5. ABA yenyewe haitoi vyeti vya ubingwa kwa wakili mmoja mmoja. Tangu mwaka 1993 imekuwa ikikagua na kuidhinisha programu za taasisi zinazotoa vyeti hivyo.

Tofauti hii imezidi kuwa muhimu tangu mwaka 1977, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilipoamua, katika shauri lililotoka Arizona, kwamba mawakili wana haki ya kutangaza huduma zao. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko la matangazo vyote viwili hujitembeza, na mteja ndiye wa kuchambua.

Ushauri wa wiki

Kwa wakili kijana: mshika mawili moja humponyoka. Chagua kitengo kimoja, au viwili vinavyokaribiana kama biashara na kodi, kisha uombe kazi katika kamati. Anayeandika makala ya jarida au kuandaa semina hujulikana na wenzake, na ndiye wanayemkumbuka wanapotafuta wa kumpelekea mteja. Anayelipa ada na kukaa kimya amenunua jarida tu.

Kwa mfanyabiashara: ukiona kitengo kimetajwa katika wasifu, uliza maswali matatu kabla ya kutia saini. Umefanya kazi gani katika kitengo hicho? Mashauri kama langu umeshughulikia mangapi? Na la tatu, ambalo wengi husahau: tarehe ya mwisho katika shauri langu ni lini? Anayelijibu hilo la mwisho bila kusita, akakuonyesha na kifungu cha sheria, amekupa kiganja cha mahindi cha kutazama.