Mshauri wa Usalama wa Kitaifa ni nani, na sisi wa Bura anatuhusu nini?

Juzi baada ya swala ya laasiri, mzee mmoja hapa Bura alisikia redioni wakitaja "mshauri wa usalama wa kitaifa". Akaniuliza, "Mwanangu, huyo ni mkubwa wa polisi au wa jeshi?" Nikamwambia si wa polisi wala si wa jeshi. Akacheka. "Sasa kazi yake ni nini?" Nimeona nilijibu swali lake hapa, maana si yeye peke yake anayejiuliza.

Cheo hiki kilianzia Marekani. Baraza la usalama la nchi ile liliundwa kwa sheria ya 1947, na mwaka 1953 Rais Eisenhower akaweka mtu wa kumkusanyia maoni ya wizara zote na kuyafikisha mezani kwake. Henry Kissinger alikishika wakati wa Rais Nixon. Susan Rice, aliyesimamia masuala ya Afrika katika wizara yao ya mambo ya nje ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi mwaka 1998, alikishika kuanzia 2013 hadi 2017. Mshauri hana askari hata mmoja chini yake. Nguvu yake ni kusikilizwa na Rais.

Hapa Kenya, Septemba 2022, Rais William Ruto alimteua Dkt. Monica Juma kushika nafasi hiyo. Ukiifuata safari yake ya kazi utaona imepita karibu kila mahali palipoamuliwa mambo yetu.

Alianza kama msomi. Ana shahada ya uzamifu ya Oxford, na mwaka 2002 alihariri pamoja na Astri Suhrke kitabu kinachoeleza jinsi misaada ya kigeni inavyoweza kudhoofisha uwezo wa wenyeji Afrika. Sisi wa Fafi tunalijua jambo hilo hata bila kusoma kitabu. Kambi ya Hagadera imo kwetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kuanzia 2010 alikuwa balozi wetu Ethiopia na katika Umoja wa Afrika. Ni wakati huo, Oktoba 2011, KDF ilipovuka mpaka kuingia Somalia, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika kikosi cha umoja huo, AMISOM. Mwaka 2013 akawa katibu wa wizara ya ulinzi, kisha akahamia usalama wa ndani. Alikuwa huko tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Siku zile Garissa, Wajir, Mandera na Tana River tuliwekewa kafyu ya usiku. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa katibu wa baraza la mawaziri, lakini wabunge wakamkataa.

Mwaka 2018 alikuwa waziri wa mambo ya nje. Ndugu zetu wavuvi wa Lamu watakumbuka Februari 2019, Kenya ilipomwita nyumbani balozi wake wa Mogadishu kwa sababu ya ule mgogoro wa mpaka wa bahari. Januari 2020, siku chache tu baada ya kambi ya Manda Bay kushambuliwa, alihamishiwa ulinzi. Mwaka 2021 akapelekwa kawi, na mwaka uliofuata akawa mshauri.

Basi mtu wa namna hii anatujua, angalau kwa makaratasi. Lakini karatasi husema yale tu aliyoyaandika mwandishi wake. Ripoti inayotoka kwetu huanza na bomu lililotegwa barabarani au msako uliofanywa. Mama mjamzito aliyelala njiani kwa sababu gari halitembei usiku haimtaji. Wala haimtaji kijana aliyerudishwa mara ya tatu kwa kukosa kitambulisho. Na hayo nayo ni usalama.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Kifungu cha 240 cha Katiba kinataja wajumbe tisa wa Baraza la Usalama wa Kitaifa: Rais na naibu wake, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Mshauri hayumo katika orodha hiyo. Neno lake linaweza kuwa zito, lakini wewe na mimi hatuna njia ya kumwita atujibu.

Njia tuliyo nayo ni nyingine. Kifungu hichohicho kinalitaka baraza lipeleke ripoti Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Ripoti hiyo inapofika, mbunge wetu ana haki ya kuuliza imesema nini juu ya barabara ya Garissa kwenda Lamu na juu ya Bura. Nasi tuna haki ya kumuuliza yeye kama aliisoma.

Nilipomweleza mzee haya yote, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo mshauri wenu naye anahitaji mshauri." Nikamwambia, ndiyo. Na mshauri huyo ni sisi, tukipeleka maneno yetu yafike.